Mume Wangu Aliporudishiwa Mahari

Mlioniacha wiki jana mbele ya wazee wa Amankwo, nimepiga magoti kama mwizi wa kuku, bado nipo hai. Salamu zenu nimezipata. Na yule bwana aliyeniandikia niachane na siasa nikapike, namjibu hapa hapa: nilishapika, na waliokula ndio walionimaliza.

Kwa aliyelikosa gazeti, jina langu ni Uzoamaka, wengi wananiita Mama Ugo. Nauza saruji soko la Amankwo, mji wa mume wangu Obiora, na nimeishi pale miaka ishirini na ushee. Wanawake wa sokoni ndio walionisukuma nigombee udiwani, na kilichotuponza ni choo. Soko zima halina choo cha wanawake. Ushuru tunatoa kila gulio, haja tunakwenda nyuma ya malori.

"Nani atalisema hili kwenye halmashauri?" aliniuliza Ekemma, muuza samaki wakavu, ambaye kibanda chake kinatazamana na changu. "Diwani mwanamume? Yeye anasimama popote."

Tulicheka sana siku ile. Kesho yake nikachukua fomu. Chama kilikuwa kinawapa wanawake fomu bure ili wajitokeze, na mimi nikajitokeza. Mjini wakanibatiza Mgombea wa Bure.

Halafu watu wasiojulikana wakang'oa mabati ya stoo yangu mvua ikinyesha, saruji yote ikaganda. Halafu wazee wakaniita. "Mke wetu, tunakupenda," walisema, "lakini mke hatawali ukweni. Kagombee kwa baba yako." Chama cha mji kikawafuata wazee, kikalikata jina langu. Nikakata rufaa ngazi ya juu ya chama. Ikapangwa kusikilizwa Ijumaa.

Tangu saruji ile igande, na mimi nimeganda. Nawaambia mapema msije mkangoja machozi. Niliyoyaona wiki hii ni ya kulilia, lakini sikulia.

Jumatatu asubuhi Obiora alikaa mezani, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nichukue fomu. Nikampa viazi vikuu na mafuta ya mawese. Akala, akasifia.

"Mama Ugo," akasema, "hiyo rufaa utashindwa."

"Kwa nini?"

"Wanaoisikiliza wote wana wake."

Nikavuta sufuria ya mchuzi. Alisema kweli, na hata yeye alijua kwamba nilijua.

"Kuna njia ya mkato," akaendelea. "Tuachane."

Nilikuwa namwongezea mchuzi. Nikaendelea kuongeza.

"Kwa mila tu," akasema haraka. "Kwenu wanarudisha mahari. Wewe unakuwa tena binti wa Umueleke, unagombea kwa baba yako, hakuna wa kukuuliza umetoka wapi. Uchaguzi ukiisha, nakuja na kokwa za kola za posa na mtungi wa tembo, nakuoa upya. Tena safari hii nitakuoa kwa sherehe kubwa, ile ya kwanza ilinyeshewa."

"Na watoto?"

"Watoto ni wa Amankwo, hawaendi popote. Ugo yuko chuoni, hata hatajua."

"Na watu watasemaje?"

"Watu? Wameshasema yote. Wamebakiza nini?"

Mwanamke mwenye akili zake angemwaga ule mchuzi. Mimi nilijiona nina bahati ya kuwa na mume anayefikiria. Miezi yote ile alikuwa amelala chumba kingine, haniulizi hali, na sasa alikuwa ameketi mbele yangu ananitafutia njia. Nikakubali kabla hajanawa mikono.

Jumanne nikampigia shangazi yangu, Nwanyibuife. Huyu ni dada wa marehemu baba, na ndiye mkubwa wa mabinti wote wa ukoo wetu walioolewa nje. Mabinti hao wakirudi nyumbani kwa jambo lolote, wanaume wa Umueleke wanatafuta pa kujificha. Lakini shangazi alikuwa msibani, mji wa mbali, na mabinti wakishaingia msibani hawatoki mpaka siku zao ziishe.

"Mwanangu, ngoja nirudi," alisema. Nyuma yake watu walikuwa wanaimba, nikawa namsikia nusu nusu. "Mwanamume anayekusaidia kuvunja nyumba yake mwenyewe, mtazame mikono."

"Shangazi, rufaa ni Ijumaa. Nikikungoja nitakosa huku na huku."

"Kukosa si kufa. Ngoja nirudi."

Sikungoja. Jumatano tukaenda Umueleke, mimi na Obiora, kwenye gari moja, tukisikiliza redio.

Kaka yangu Okwudili ndiye mkuu wa nyumba tangu baba afariki, na ni katibu wa chama pale kijijini. Alimpokea Obiora kwa mikono miwili, akaleta kokwa za kola kwenye sahani ya mbao, akaziombea, akazivunja. Nilikaa pembeni. Kola haivunjwi na mwanamke, na nilikuwa nimezoea kutazama.

"Dada," Okwudili aliniambia mdomo umejaa, "nyumba hii haijawahi kurudisha mahari ya mtu. Tutachekwa."

"Shemeji, ni mchezo tu wa siasa," Obiora akamwambia.

"Siasa za mke wako au zako?"

Wakacheka wote wawili. Mimi pia nilicheka kidogo, kwa adabu.

Mahari yenyewe si kitu, kwetu ni kiasi kidogo cha mila, hata mwanafunzi anaweza kukitoa. Okwudili alikitoa mfukoni, akakikunja, akamkabidhi Obiora mbele ya majirani wawili walioitwa kutoka ng'ambo ya barabara.

"Chukua kilicho chako, tuachie kilicho chetu," Okwudili akasema.

"Nimepokea," Obiora akasema.

Ndivyo ilivyokwisha. Wakamimina tembo. Majirani wakaulizana habari za mpira. Nilijitazama nione kama kuna kinachouma, sikukiona.

Wakati wa kuondoka, Obiora alifungua buti la gari akanishushia sanduku. "Mama yangu kakufungia nguo chache," alisema. "Vumilia. Ni wiki chache tu."

Gari lilipokwisha kukata kona nikalifungua lile sanduku. Nguo zangu zote zilikuwemo. Zote, mpaka vitenge vya msiba, vile vinavyokaa chini kabisa ya kabati. Mtu anayeachwa kwa mchezo hafungiwi vitenge vya msiba. Nililiona hilo, nikalielewa, kisha nikafunga sanduku na kuingia ndani kulala.

Alhamisi asubuhi nikamkuta Okwudili uani anapiga mswaki kwa kijiti. Nilikuwa nimevaa, fomu mkononi.

"Kaka, nipeleke ofisi ya chama nikajiandikishe."

Akatema. "Kujiandikisha wapi?"

"Hapa. Umueleke. Si ndiyo maana nimerudi?"

"Dada, dirisha la wagombea wapya wa hapa lilifungwa wiki iliyopita."

Nikadhani sijasikia vizuri. "Wewe ni katibu. Jana ulikuwa hujui?"

"Nilijua. Na Obiora alijua. Aliniomba nisikwambie, akasema ni mambo ya mume na mke."

"Lakini jana ulituachanisha."

"Ndiyo maana leo nakwambia," akasema, akaendelea kusugua.

Naomba mnisamehe, mnaopenda hadithi zenye makofi. Sikumpiga. Nilivuta kiti nikakaa pale uani nikamtazama kaka yangu akisukutua, akijipangusa, akiingia ndani kunywa uji. Alirudi na bakuli la pili akanipa. Nikanywa. Ulikuwa na sukari nyingi.

Jua lilipopanda ikaingia bodaboda, na juu yake Ekemma, bado amevaa aproni yake ya samaki. Alishuka akasimama mbele yangu akihema, wala hakunisalimu.

"Mumeo anagombea."

"Anagombea nini?"

"Udiwani! Amankwo! Kiti chako! Leo asubuhi amepandishwa jukwaani sokoni, wazee wote wako nyuma yake. Wanasema mgombea mwingine hayupo tena, amekwenda kwao."

Sasa picha ilikuwa kamili, na hata mimi niliiona. Rufaa yangu ilisimama kwenye neno moja tu. Kanuni ya chama inasema mgombea awe mwanachama anayekaa mahali anapogombea. Nilikaa Amankwo kwa sababu nilikuwa mke wa mtu wa Amankwo. Mahari ikirudi, sina nyumba pale, sina makazi, sina rufaa. Huku kwetu mlango ulishafungwa, wa Amankwo ukabaki wazi mpaka rufaa iishe, naye akaupitia. Obiora hakunitafutia njia. Alinitoa njiani.

"Amesema nini jukwaani?" nikamuuliza Ekemma.

"Mama Ugo, achana na hayo."

"Amesema nini?"

"Amesema..." Ekemma akatazama pembeni. "Amesema atajenga choo cha wanawake."

"Wanawake wakapiga makofi?"

"Baadhi."

"Na wewe?"

Akafuta mikono kwenye aproni, mara mbili tatu, wakati ilikuwa mikavu. "Mikono ilitangulia," akasema. "Niliposikia choo, nilisahau ni nani anayesema. Nisamehe. Niliposhtuka ndipo nikakimbilia bodaboda."

Nilimsamehe. Kusamehe kulikuwa rahisi kuliko kukasirika, hasira inataka nguvu. Nikamuuliza kama ameshakula. Akaanza kulia yeye.

Tukiwa katika hali hiyo, shangazi Nwanyibuife akaingia, moja kwa moja kutoka msibani, siku zao zimeisha, kichwa kimenyolewa, nguo nyeusi, vumbi mpaka magotini. Alikuwa ameshasikia. Habari mbaya hazisubiri gari.

"Okwudili!" aliita. "Toka nje, mjinga wewe."

Okwudili akatoka, bakuli mkononi.

"Jana wakati mnarudisha mahari ya mtoto wetu, mshenga alikuwa amekaa wapi?"

"Mshenga?"

"Mzee Ofodile. Aliyemleta Obiora hapa kumposa. Aliyeibeba mahari ile kwa mikono yake akaiweka mbele ya marehemu kaka yangu. Nakuuliza alikaa wapi, kulia kwako au kushoto?"

"Hakuwepo, shangazi. Obiora alisema tufanye haraka..."

Shangazi akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mahari haina miguu," akasema. "Aliyeileta ndiye anayeirudisha. Ofodile yu mzima, yuko Amankwo anacheza drafti kila jioni. Asipokuwepo yeye, mlichofanya jana ni kunywa tembo." Akanigeukia. "Wewe hukuachwa. Wewe ni mke wa Obiora kama ulivyokuwa juzi."

Ekemma akapiga kigelegele. Okwudili akaweka bakuli chini. Mimi nikangoja furaha ije. Nilingoja kweli kweli, kama mtu anayengoja chafya, ikapita bila kutoka.

Shangazi aliliona hilo. Akaja akachuchumaa mbele yangu, na umri ule, akanishika magoti.

"Sikiliza, mwanangu. Mimi siwezi kukuchagulia. Ukinyamaza, watu watahesabu umeachwa, na utakaa hapa kwa amani na huyu kaka yako zuzu. Ukienda kesho ukasema umeolewa, umeolewa. Na si kwa mwingine. Ni kwa yule yule."

"Nataka kile kiti, shangazi."

"Bado unakitaka?"

"Sina kingine ninachokitaka. Ndiyo maana nakijua."

"Basi kalale," akasema. "Mimi namfuata Ofodile."

Ijumaa kamati ilikaa kwenye ukumbi wa chama wenye feni moja, na feni ilikuwa upande wao. Wanaume watano mezani. Wa katikati, mwenyekiti, alikuwa na miwani na kikohozi. Obiora aliketi benchi la mbele, kanzu nyeupe imepigwa pasi. Alinipungia mkono.

Niliketi benchi hilo hilo, upande wa pili. Nyuma yetu palijaa. Wazee wa Amankwo walikuwepo, Ekemma alikuwepo na wanawake wa sokoni, waliopiga makofi na ambao hawakupiga, siku hizi siwatofautishi.

"Mama," mwenyekiti akaanza, "tumesikia mahari yako imerudishwa. Kama ni hivyo, hatuna cha kusikiliza. Wewe si mkazi."

"Haikurudishwa," shangazi akasema kutoka nyuma.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni shangazi yake. Na huyu ni mshenga."

Mzee Ofodile akasimama, akaegemea fimbo yake. Alisema maneno machache. Mahari ya Uzoamaka aliipeleka yeye Umueleke, na tangu siku ile hakuna aliyemwita kuirudisha. Hajabeba kitu, hajashuhudia kitu. Kwa mila, ndoa ipo.

Minong'ono ikaanza. Obiora akaacha kutabasamu. Kaka yake mkubwa akamwinamia akamwambia jambo sikioni, naye akatikisa kichwa, halafu akakubali.

"Nataka kusikia kwako mwenyewe," mwenyekiti akaniambia. "Wewe ni mke wa huyu bwana, au si mke wake?"

Nilimtazama Obiora. Miaka ishirini na ushee nilikuwa nikimtazama yule mtu, na kitu pekee kilichonijia kichwani ni kwamba kanzu ile niliinunua mimi. Nilijua nikisema ndiyo, najifunga naye upya mbele ya ukumbi mzima, safari hii macho yakiwa wazi.

"Mimi ni mke wake," nikasema.

Wanawake nyuma wakashangilia. Mwenyekiti akagonga meza. Na hapo Obiora akasimama, na tabasamu lake likarudi lote.

"Mwenyekiti, sikatai," akasema. "Ni mke wangu. Mzee Ofodile hasemi uongo. Basi kama ni mke wangu, nyumba yangu haiwezi kutoa wagombea wawili, tutachekwa mpaka ng'ambo ya mto. Mimi kama mume nimeamua. Nyumba yangu inagombea kupitia kwangu." Akanigeukia, akasema kwa upole, sauti ile ile ya Jumatatu ya viazi vikuu: "Mama Ugo, inuka twende nyumbani. Mama yangu amekuandalia chumba."

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Wazee wakapigana mabega. Nikageuka kumtazama shangazi, naye alikuwa anatazama sakafu. Mila aliyoileta yeye ilikuwa imegeuka mikononi mwake.

Mzee Ofodile alikuwa bado amesimama. Mshenga kazi yake haiishi siku ya harusi. Mume na mke wakivutana, yeye ndiye anayesema. Akanijia polepole mpaka ubavuni.

"Binti yangu," akasema, na nadhani ilimuuma, "mumeo amekuita."

Mwenyekiti akafunika kalamu yake. "Mama, mimi sitaki ugomvi wa ndani ya nyumba za watu. Ukiinuka ukaenda na mumeo, nafunga rufaa. Hakuna atakayekulaumu."

Obiora akaja akasimama mbele yangu, akaninyooshea mkono aniinue.

Nikaushika. Nikamvuta chini, kwa nguvu ya mtu aliyebeba mifuko ya saruji maisha yake yote, akaanguka benchini karibu yangu, puu, kanzu ikajikunja.

"Keti, mume wangu," nikamwambia. "Mkeo hajamaliza kuongea."

Hakuna aliyecheka. Kisha akacheka mmoja, mwanamke, huko nyuma, akanyamaza. Nikamgeukia mwenyekiti nikamwambia kwamba naishi Amankwo, nimeolewa Amankwo, ushuru natoa Amankwo, na kama kanuni yao ina neno linalosema mgombea aombe ruhusa ya mume, wanisomee hapo hapo nisikie. Mwenyekiti akakohoa. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Wote watano wakainuka wakaingia chumba cha ndani kushauriana, wakafunga mlango.

Tukabaki benchini, mume na mke. Mkono wake nilikuwa bado nimeushika, siuhisi, kama nimeshika mkono wa mtu nisiyemjua. Alikuwa anatoka jasho.

"Ukishinda hiyo rufaa," akaninong'oneza bila kunitazama, "usikanyage kwangu."

"Na nikishindwa?"

Akaanza kunyoosha kanzu yake kwa mkono uliobaki. Mlango wa ndani ukafunguliwa.